Ni Mfumo Uliokutoa

Ninyi mliolipoteza gazeti la wiki iliyopita, msihangaike kulitafuta. Habari yenyewe ni fupi na haipendezi. Tulimwacha Sindano, fundi cherehani, ameketi chumbani mwake mwa kushonea huku kidole gumba kikielea juu ya neno moja kwenye simu: TOA. Kando ya neno hilo palikuwa na jina la rafiki yake wa miaka ishirini, mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili, ambaye mchezoni wanamwita Taratibu.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi kasoro dakika sita. Pambano lilikuwa saa kumi kamili.

Kwa wageni, mchezo unaitwa Ngome Saba. Watu watano huunda kikosi, kila mtu na simu yake popote alipo, wakavamia ngome za kikosi kingine. Kikosi cha Sindano kilikuwa cha tisa, na vinavyoingia fainali ni vikosi vinane. Miaka miwili ya kubonyezabonyeza, na sasa wamefika mlangoni!

Aliyeleta balaa ni Radi. Mchezaji hodari kupita kiasi, hakuna aliyewahi kumwona sura, na alikuwa tayari kujiunga nao siku hiyohiyo kwa sharti moja.

"Nafasi ni tano, nahodha," alikuwa amesema. "Mganga wenu, huyo wa kuinua walioanguka, ni mzigo. Angalia jedwali, mapigo sifuri. Ama yeye, ama mimi."

Mnataka kujua kama Sindano alibonyeza. Alibonyeza.

Tena alibonyeza mara mbili, maana simu ilimuuliza: UNA UHAKIKA? Yaani kile kipande cha kioo kilikuwa na utu kumzidi, kikampa nafasi ya kujirudi. Sindano akachagua NDIYO.

Jina la Taratibu likafutika. Jina la Radi likaingia mahali pake.

Dakika haikupita, simu ikalia. Taratibu.

"Mwenzangu, mbona najikuta nje?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia. "Nimekaa zangu nasubiri saa kumi, mara nimetupwa mlangoni. Kuna nini?"

Sindano alikuwa na sekunde moja ya kusema kweli. Sekunde moja ni nyingi kwa mwenye nia.

"Ni mfumo," akasema. "Mfumo umekutoa."

"Mfumo?"

"Si unajua mtandao ulivyo leo. Umekutoa wenyewe tu."

"Umenitoa wenyewe." Taratibu alirudia polepole, kama mtu anayeandika kwenye daftari la wagonjwa. "Hakuna mtu aliyegusa kitu?"

"Nani atakugusa wewe? Kikosi tulianzisha mimi na wewe!"

Kichanga kikanyamaza, sijui kilisikia nini.

"Haya basi," akasema Taratibu. "Pambaneni. Msiniaibishe."

Simu ikakatwa. Sindano alibaki ameishika, mashavu yanamwaka moto kama amekaa karibu na pasi. Lakini saa kumi ilikuwa imefika, na aibu haina nafasi vitani, akajiambia.

Vita vyenyewe sitawachosha navyo. Vilichukua dakika ishirini na mbili. Radi alifanya peke yake kazi ya watu watatu, akapita kwenye ngome za wapinzani kama mtu anayefungua makabati ya nyumbani kwake. Wakashinda. Wakawa wa nane!

Kinyozi, mchezaji wa tatu na shemeji yake Sindano, mdogo wa mumewe, ana saluni mlango wa pili kutoka kwa Sindano. Alipiga yowe mpaka mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akaruka kitini. Mwalimu wa kemia, mchezaji wa nne, akaanza hotuba ya pongezi kwenye kipaza sauti, na tunamjua Mwalimu, hotuba zake hazina breki. Wa tano, dereva wa bodaboda, alituma tu picha ya kikombe, akaenda kubeba abiria.

"Ila shemeji," Kinyozi akamkatiza. "Taratibu yuko wapi?"

"Mfumo umemtoa," Sindano akajibu haraka.

"Mfumo," akasema Kinyozi.

"Aa," akasema Mwalimu. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza neno.

Sindano akashusha pumzi. Wameamini, akajisemea. Na nyie wasomaji mnamjua vizuri kuliko anavyojijua, kwa hiyo ninawaachia.

* * *

Jumapili Taratibu aliandika ujumbe mfupi. "Vipi, mfumo umekaa sawa?"

Sindano aliusoma mara sita. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akatuma: "Bado, mpenzi. Wanasema ni tatizo la watu wengi."

Wanasema! Akina nani waliosema? Hapakuwa na mtu. Uongo ukishapewa kiti unaita na ndugu zake.

Jumatatu mchana, Taratibu mwenyewe akaingia dukani.

Alikuja na sare yake ya kazi, ile ya buluu, imefumuka mfukoni na kubana kiunoni. Akaivaa nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kioo, mikono ameinyanyua. Sindano akapiga magoti nyuma yake, pini nne mdomoni. Hakuwahi kuzipenda pini kama siku ile. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi sana.

Lakini Taratibu alikuwa na maswali yake.

"Hongera kwanza. Wa nane! Nimewasikia wagonjwa wangu wanazungumza habari za Ngome Saba, nikawaambia nahodha wa kile kikosi ni rafiki yangu."

"Mm," akajibu Sindano na pini zake.

"Huyo Radi naye anajua."

"Mm."

"Kwa hiyo fainali ni Jumamosi. Na orodha ya majina matano inafungwa leo saa kumi na mbili jioni, si ndivyo?"

Sindano akatoa pini moja, akaichomeka kiunoni pa sare, akatoa ya pili. Zilibaki mbili, hazikutosha kumkinga.

"Ndiyo."

"Na mimi je? Mfumo umesemaje?"

Kwenye kioo macho yao yakakutana. Macho ya Taratibu yalikuwa yametulia. Ni macho yaliyozoea kusubiri, kwa kazi yake anaweza kusubiri kutwa nzima bila kumkaripia mtu. Alikuwa anasubiri hata sasa.

Sindano akainamisha kichwa kwenye pindo.

"Nimewaandikia malalamiko wenye mchezo," akasema. "Barua ndefu. Nimewaambia huyu ni mwanzilishi, mrudisheni."

"Umeandika barua."

"Jana."

"Wamejibu?"

"Hawajajibu. Unajua watu hawa."

Taratibu akashusha mikono. Akavua sare nyuma ya pazia, akatoka akiwa na blauzi yake, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kwa muda alikuwa anachezea chaki ya kuchoria.

"Unakumbuka mama yako alipofariki?" akauliza.

Sindano hakutegemea hilo. Akasimama na sare mkononi.

"Miezi minne hukuzungumza na mtu. Nakuja kwako, unanifungulia mlango, unarudi kwenye simu. Nikakuuliza unafanya nini humo ndani, ukanijibu 'napiga ngome.' Hayo tu. Basi nikasema, kama yuko humo, nitamfuata humohumo. Mimi gemu sizipendi, wewe unajua. Kidole changu chenyewe kizito. Nikakwambia nifundishe, lakini kumpiga mtu siwezi, nipe kazi ya kuwainua walioanguka."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nasubiri saa kumi kila siku ili nisikie sauti yako." Akacheka kidogo, akajipangusa unga wa chaki vidoleni. "Kwa hiyo usijisumbue na barua. Kama mfumo haunitaki, basi haunitaki. Sare nitaifuata Alhamisi."

Akatoka. Mlangoni aligeuka, akamtazama Sindano kwa muda ambao ungetosha kabisa mtu kusema neno moja. Sindano akasema, "Alhamisi itakuwa tayari."

Nami ninayesimulia niliona haya kwa niaba yake. Yeye alikalia cherehani, akakanyaga pedali, akashona mfuko wa sare ile upande wa ndani nje. Akaufumua. Akaushona tena, bado upande uleule.

* * *

Saa kumi na nusu, Kinyozi akaingia bila kubisha. Alikuwa bado amevaa aproni yake yenye nywele za watu.

"Shemeji, nilimwona Taratibu hapa mchana. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kweli."

"Kweli ipi tena, wewe mtoto?"

"Shemeji!" Kinyozi akafunga mlango nyuma yake. "Mimi nakuheshimu, wewe ni mke wa kaka yangu. Lakini utaimba huo wimbo wa mfumo mpaka lini? Unadhani hatukuona?"

Sindano akaacha kukanyaga pedali.

"Mliona nini?"

Kinyozi akatoa simu, akapekua, akamwekea mbele ya macho. Maandishi mekundu, makubwa, wala hayakuhitaji miwani:

NAHODHA SINDANO AMEMTOA TARATIBU KIKOSINI. Jumamosi, saa tisa na dakika hamsini na nne alasiri.

"Hii imetoka wapi?"

"Inakuja yenyewe. Nahodha akimtoa mtu, mchezo unatangaza kwa kila mtu."

"Kwangu haikuja!"

"Ingekujaje? Si ulizima matangazo yote tangu mwaka jana? Ulisema yanalia kila unapotunga uzi."

Ni kweli, aliyazima. Na katika miaka miwili ya unahodha hakuwahi kumtoa mtu hata mmoja, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba jambo hilo lina mbiu. Alijiona amefanya kimyakimya, kumbe amefanya uwanjani na kipaza sauti mkononi.

"Kwa kila mtu," akasema polepole. "Pamoja na..."

"Pamoja na aliyetolewa. Yeye ndiye anayeona wa kwanza."

Sindano akakaa juu ya rundo la vitambaa. Hesabu ilikuwa rahisi, angependa iwe ngumu. Tangazo lilifika saa tisa na dakika hamsini na nne. Taratibu alipiga simu baada yake. Maana yake ni kwamba alipouliza "kuna nini", alikuwa ameshasoma. Alipouliza Jumapili, alikuwa ameshasoma. Leo, amesimama mbele ya kioo na mikono juu, alikuwa anajua kila kitu, akamtazama rafiki yake anatunga barua isiyokuwepo.

Joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Alitamani kujiingiza kwenye lile rundo la vitambaa na kujifunika.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Sasa ikawa zamu ya Kinyozi kutazama viatu vyake.

"Tulitaka fainali, shemeji. Wewe ulibonyeza, sisi tukanyamaza. Mimi nilipiga hadi yowe." Akajikuna kisogo. "Yule dada ndiye aliyeniinua pambano la kwanza kabisa, nimeanguka mara kumi na moja, na kila mara ananiambia taratibu, inuka, bado uko mzima. Nimekuja kwa sababu leo nimeshindwa kula."

Sindano akasimama. Akavuta mtandio wake msumarini.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati."

"Orodha inafungwa saa kumi na mbili!"

"Nimesikia."

Mlangoni akasimama, akafungua simu, akawasha matangazo yote. Hata mimi sielewi alitegemea kupata nini.

* * *

Korido ya wodi ya wazazi ilikuwa na benchi moja refu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Sindano akapata nafasi pembeni mwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amepakata beseni jipya na khanga mbili.

"Wewe una mtu humo ndani?" yule mama akamuuliza.

"Namsubiri mkunga."

"Yuko na binti yangu. Ana mkono mzuri yule, Mungu ambariki. Anamwambia taratibu, mama, taratibu, na huo uchungu unamtii." Akamsogelea. "Ni ndugu yako?"

"Ni rafiki yangu," Sindano akasema.

Akaanza kulifanyia mazoezi lile jambo kichwani. Ni mimi niliyekutoa. Maneno matatu tu. Alishawahi kuzungumza na wateja wakali, na maafisa wa manispaa, na mama mkwe. Ni mimi niliyekutoa. Kila alipofika neno la mwisho alianza upya.

Saa kumi na mbili kasoro robo simu ikatetemeka. Radi.

"Nahodha, nimeangalia jedwali tena. Mwalimu ni mzito, anatuvuta nyuma. Mtoe, nina mtu wangu wa uhakika. Tukifanya hivyo tunachukua nafasi ya kwanza, si ya nane. Fanya sasa."

Nafasi ya kwanza! Wa kwanza kati ya mamia!

Nisiwafiche kitu. Sindano alipousoma ujumbe ule, kidole gumba chake kilishatelemka chenyewe mpaka kwenye orodha ya majina, kikasimama kwa Mwalimu. Kilikuwa kimejifunza njia. Alikitazama kidole chake kama kidole cha mtu mwingine, na hapo ndipo aliposhikwa na hofu, hofu ya kweli, si ya kugunduliwa bali ya kujijua.

Akageuza simu, akaiweka kifudifudi mapajani.

Mlango ukafunguliwa. Taratibu akatoka anavua glavu. Akamwambia mama wa beseni, "Bado kidogo, anaendelea vizuri." Kisha akamwona Sindano.

"Umekuja kunipima tena?"

"Nina neno."

Wakasogea mwisho wa korido, penye dirisha na sinki la kunawia. Taratibu akafungua bomba, akaanza kusugua mikono hadi kwenye viwiko. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

"Si mfumo," Sindano akasema. "Ni mimi niliyekutoa."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Kinyozi amenionyesha tangazo."

Taratibu akafunga bomba. Maji yakabaki yanadondoka viwikoni.

"Ahaa," akasema. "Kwa hiyo umekuja kwa sababu umejua kwamba ninajua."

Sindano akashika ukingo wa sinki.

"Maana kama Kinyozi asingekwambia, mimi mpaka leo ningekuwa nimetolewa na mfumo. Na ile barua ningekuwa bado naisubiri majibu."

"Nisamehe."

"Nilikuuliza mara tatu. Mara tatu, mwenzangu! Jumamosi nilisema labda ameshikwa na haraka. Jumapili nikasema labda anatafuta maneno. Leo nimetoka kazini na njaa yangu nimekuja mpaka kwako, nikakaa, nikakutajia hadi mama yako. Nilikuwa nataka uniambie tu. Useme Taratibu, kidole chako kizito, nimepata mtu mzuri zaidi, kaa pembeni fainali ipite. Ningekaa! Unadhani ningekufa? Ningekushangilia!"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Yule mama wa benchi alikuwa anaangalia beseni lake kwa bidii kubwa, kama watu wafanyavyo wanaposikia kila neno.

"Nilitaka kushinda," Sindano akasema, machozi yanamtoka. "Nilitaka tu mara moja niwe mtu wa kwanza kwenye kitu. Nikaona haya kukwambia. Halafu nikaona haya ya kuona haya. Nitakurudisha. Sasa hivi. Tazama, tazama kwa macho yako."

Akaitoa simu, akaifungua mbele ya uso wa rafiki yake. Akatafuta jina la Radi. TOA. UNA UHAKIKA? NDIYO.

Safari hii matangazo yalikuwa wazi, na maandishi mekundu yakajaa kioo kizima: NAHODHA SINDANO AMEMTOA RADI KIKOSINI.

"Umeona? Ameondoka! Nafasi ya kwanza siitaki. Sasa nakuita wewe." Akabonyeza MWALIKE, akaandika jina, akatuma. "Kubali tu. Zimebaki dakika saba."

Simu ya Taratibu ikatetemeka ndani ya mfuko wa sare yake nyingine. Hakuigusa. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa cha karatasi, kidole kimoja baada ya kingine.

"Siwezi kukubali."

"Una haki ya kukasirika, lakini..."

"Sikiliza. Siwezi. Niko kwenye kikosi kingine."

Sindano akamtazama bila kuelewa.

"Jana walinitafuta wale wanaoongoza," akasema Taratibu. "Wa kwanza. Mganga wao amesafiri. Waliona nimetolewa, wakaangalia rekodi zangu. Wao hawahesabu mapigo, wanahesabu watu walioinuliwa. Wakanambia hakuna mganga aliyeinua wengi kama mimi. Sikuwajibu. Nikasema nitamwona kwanza rafiki yangu, nisikie atakalosema. Nilipotoka dukani kwako leo mchana, ndipo nikawajibu."

Leo mchana. Wakati Sindano anashona mfuko ndani nje.

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Jumamosi wa kwanza anaanza na wa nane. Kama mtakuwepo."

Kama mtakuwepo! Sindano akaangalia simu. Majina manne. Kwa sharti la mchezo, kikosi kisicho na watu watano saa kumi na mbili kinafutwa fainali. Radi ameshatolewa, na mtu kama Radi hatolewi akarudi. Zilibaki dakika sita. Rafiki amempoteza, na alichompotezea kinamponyoka vilevile.

"Nimemtoa Radi kwa ajili yako," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikuomba?"

"Hapana, lakini..."

"Hukuniuliza. Umebonyeza tu." Taratibu akatupa ile karatasi kwenye pipa. Macho yake sasa yalikuwa na maji, na hilo lilimuumiza Sindano kuliko maneno yote. "Unajua wale watu waliniuliza nini? Sikuwaambia mbinu zenu, sikuwaambia mnaingilia wapi. Nilikataa. Wakasema basi tuambie kitu kimoja tu: nahodha wenu akibanwa, hufanya nini?"

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia humtoa mtu. Tangu mchana nimejuta, nikasema nimekusingizia, ulikosea mara moja tu." Akaitazama simu iliyokuwa bado imewaka mkononi mwa Sindano. "Sasa naona sikuwadanganya."

Kutoka ndani mtu akaita, "Mkunga! Njoo, tayari!" Taratibu akavuta glavu mpya sandukuni, akazivaa akiwa anatembea. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kisha kutoka ndani ikasikika sauti yake, imetulia, inamwambia mtu mwingine taratibu, mama, taratibu.

Sindano alibaki kando ya sinki. Yule mama wa beseni akahamia upande wa pili wa benchi.

Dakika nne. Simu ikalia. Kinyozi.

"Shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya shemeji. "Mimi na Mwalimu tumeona tangazo. Tumebaki wanne. Mwalimu ana mtu wa tano, yuko tayari, anasubiri tu umwingize. Lakini kabla hajakupa jina lake anauliza swali moja, na mimi naliuliza pia. Anayefuata kutolewa ni nani kati yetu?"